Hodi kwa Niaba ya Serikali

Kwanza niseme kwamba nchi ninayoisimulia si hiyo unayoifikiria. Kama zinafanana, kosa ni la nchi zenyewe.

Katika nchi hii nyumba zina kazi. Si kazi ya kulaza watu, hiyo ni ya zamani, na redioni tuliambiwa ndiyo iliyotuchelewesha. Kazi ya nyumba ni kutenda. Nyumba inayotenda vizuri huinua uchumi. Isiyotenda vizuri huitwa kihatarishi, na kihatarishi huondolewa. Waziri wa Majumba na Utulivu alitueleza jambo hili siku aliporudi kutoka ng'ambo, akiwa bado amevaa koti zito la huko, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

“Ndugu wananchi,” alisema, “wenzetu hawakai tu ndani ya nyumba. Wanaziwekeza.”

Tukapiga makofi. Mzee Farijala, jirani yetu, aliuliza kwa upole hao wenzetu huwa wanalala wapi, lakini alikuwa amekaa nyuma na swali halikufika mbele.

Basi zikachukuliwa akiba za wastaafu, ambazo zilikuwa zimekaa tu benki kama wagonjwa, zikajengewa minara ya vioo pembeni mwa mji. Kila mnara ukapewa jina la tabia njema: Mnara wa Shukrani, Mnara wa Matumaini, Mnara wa Subira. Mali ya namna hii inaitwa mali isiyohamishika. Ili ipate uwanja walihamishwa watu, kwa kuwa watu wanahamishika.

Minara ilipokwisha likaja swali la kitaalamu. Inatenda vizuri au vibaya? Na hatari yake ni kiasi gani? Mwenye fedha lazima ayajue hayo mawili. Ndipo ikaundwa Mamlaka ya Kupima Utendaji na Vihatarishi vya Majumba, na juu yake akawekwa Daktari Pankrasi Lubango, mtu aliyesomea majumba miaka mingi akiwa katika chumba cha kupanga.

Mwanzoni wapimaji walikuwa wanaingia ndani ya nyumba. Hilo lilishindikana mapema. Mila ya nchi hii ni kwamba huingii kwa mtu mpaka upige hodi ukaribishwe. Ukishakaribishwa unakaa, ukishakaa unakula, na ukishakula chumvi ya nyumba huitendei nyumba hiyo ubaya mpaka jua lizame. Wapimaji walitoka asubuhi na futi zao, wakarudi jioni wameshiba, na nyumba zote walizozipima zilikuwa nzuri. Kwenye sehemu ya vihatarishi mmoja wao alikuwa ameandika, “Mchuzi ulizidi pilipili.”

Daktari Pankrasi akajifungia kufikiri. Alipotoka alikuwa na njia ya kupimia mlangoni.

“Piga hodi mara tatu,” aliwaambia wapimaji wake. “Pasipoitikiwa, maana yake nini?”

“Wenyewe hawapo.”

“Wako wapi?”

“Kazini, mheshimiwa.”

“Aliye kazini ana nini?”

“Mshahara.”

“Na mwenye mshahara?”

“Analipa kodi ya nyumba.”

“Basi nyumba iliyo kimya ni nyumba inayolipa. Daraja la kwanza.”

Na nyumba ikiitikia? Hapo ina maana kuna mtu amekaa nyumbani saa za kazi. Hana kazi huyo, na kodi hatalipa. Kihatarishi. Ikiitikia haraka, kihatarishi kikubwa, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameketi karibu na mlango, yaani hata humo ndani hana la kufanya. Wakiitikia wengi kwa pamoja, hilo ni janga, na janga hubomolewa.

Mpimaji mmoja mgeni aliuliza nyumba isiyo na mtu kabisa, tupu tangu ijengwe, nayo itapimwaje. Daktari alimtazama kwa huruma.

“Nyumba hiyo,” alisema, “haijawahi kuwa na mpangaji mkorofi hata mmoja.”

*

Mamlaka ilihitaji watu wa kupiga hodi, kwa kuwa wapimaji walikuwa wasomi na sauti zao zilikuwa za ofisini. Walitaka mtu aliyemaliza darasa la saba, mwenye kifua. Nilikuwa na vyote viwili, nikaenda.

Usaili wenyewe ulikuwa mlango. Wakubwa walikuwa ndani, sisi nje, na kila mmoja alitakiwa apige hodi. Hakuna aliyeitikiwa. Wenzangu wengine walikasirika wakaondoka, wengine wakasukuma mlango wakafukuzwa. Mimi nilipiga hodi nikangoja, nikapiga tena nikangoja. Nimelelewa na shangazi yangu, Bi Nyamizi, na kwake ukisukuma mlango kabla ya kukaribishwa unarudishwa ukaanze upya tangu barabarani. Jua lilipoanza kuinama mlango ulifunguliwa na mfagiaji, akaniambia wakubwa walikwisha ondoka kwa mlango wa nyuma na kwamba kazi nimepata.

Nikawa Mpiga Hodi Daraja la Tatu. Nilipewa kofia. Nilipangiwa kufuatana na mpimaji aitwaye Bwana Salvatory, mtu mnyoofu, mwenye mwavuli asioufungua kwa mvua wala kwa jua.

“Mboni,” aliniambia siku ya kwanza, “wewe hujui tunachopima. Hiyo ndiyo nguvu yako. Usiipoteze.”

Tulianza na Mnara wa Subira. Tuliupanda kwa miguu, kwa kuwa lifti ilikwisha fika kwenye ripoti lakini kwenye mnara ilikuwa bado. Kila mlango nilisimama, nikaweka kofia sawa, nikasema, “Hodi humu ndani, kwa niaba ya serikali.” Sauti yangu ilikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, ikagonga ukuta, ikanirudia. Bwana Salvatory alisita kidogo, kisha akasema mwangwi si mpangaji, akaandika daraja la kwanza.

Kadiri tulivyopanda ndivyo alivyozidi kuchangamka. Alisema tangu aanze kupima hajaona utendaji kama ule.

“Sikiliza,” aliniambia, kidole juu.

Nikasikiliza. Hapakuwa na kitu.

“Huo ndio uchumi,” alisema.

Ghorofa ya juu kabisa nilipiga hodi, na mtu akasema, “Karibu.” Bwana Salvatory alishika ukuta. Mlango ukafunguliwa, akatoka mlinzi wa mnara, amejifunga shuka, mswaki mkononi.

“Unafanya nini humu?” Bwana Salvatory alimuuliza.

“Nalinda, bosi.”

“Umelinda au umeitikia?”

“Si huyu dada kapiga hodi. Nimnyamazie nimekuwa mchawi?”

“Mnara mzima ulikuwa daraja la kwanza. Umeuharibu wewe, na mswaki wako. Unajua ni akiba za watu hizi?”

“Najua,” mlinzi alisema. “Ya baba yangu imo.”

Alifukuzwa palepale kwa kushusha utendaji. Nikaupigia mlango wake hodi upya, safari hii ukatenda vizuri. Usiku huo redio ilitangaza kwamba Mnara wa Subira umeishinda minara yote ya ukanda wetu.

Mzee Farijala alinipongeza. Alikuwa fundi wa reli, na kiinua mgongo chake kilikuwa ndani ya mnara ule, sakafu ya ngapi hakuambiwa. Akaniomba nimuulizie faida inatoka lini. Nilimuuliza Bwana Salvatory, naye akaniambia kwamba utendaji ni kitu kimoja na fedha ni kitu kingine, na kuvichanganya ni ushamba. Nikamfikishia jibu. Mzee Farijala alisema anashukuru, alikuwa hajajua kama alikuwa anavichanganya.

*

Minara ilipokwisha ikaja zamu ya mitaa. Mtaa wetu unaitwa Mtaa wa Mfereji. Watu walikuwa wameshasikia: ukiitikia unabomolewa. Mzee Farijala na mkewe Bi Tausi waliamua watanyamaza. Mimi nilipiga hodi kwao kama kwa mtu mwingine yeyote, na ndani nilisikia mtu anabana kikohozi. Bwana Salvatory hakusikia, au alisikia akaona kikohozi hakina daraja. Nyumba ya Mzee Farijala ikapata daraja la kwanza, ya kwanza mtaani. Bi Tausi alipika pilau.

Wiki haikuisha, wakaja watu wa Kapu la Taifa wakiwa na utepe na mkasi. Kapu la Taifa ndimo zinamoingizwa nyumba zote za daraja la kwanza. Ni njia ya kitaalamu ya kupunguza hatari: unachanganya pamoja nyumba nyingi tupu, kwa kuwa haiwezekani zote zikajaa watu siku moja.

“Nyumba hii tumeinunua,” mkubwa wao alisema.

“Kwa nani?” Mzee Farijala aliuliza.

“Kwa mwenyewe.”

“Mwenyewe ndiyo mimi.”

“Mwenyewe hayupo. Tulipiga hodi kwa mujibu wa sheria. Yuko kazini.”

“Mimi nimestaafu, bwana.”

Mkubwa aliangalia karatasi yake, akamwangalia Mzee Farijala, akaiamini karatasi.

“Basi hongera,” alisema, “umepata kazi.”

Malipo yalikuwa hisa za Mnara wa Subira, ambazo zilikuwa zinapanda. Utepe ukakatwa. Mzee Farijala alisaidia kuushika upande mmoja kwa sababu walikuwa wamepungukiwa na mtu. Kisha wakatoka na mkewe, godoro na jiko, wakavuka barabara kuja kwetu. Shangazi aliwapa chumba cha uani na hakuwauliza watakaa mpaka lini.

*

Kesho yake ilikuwa zamu ya nyumba yetu.

Nyumba ya shangazi ni ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Mumewe aliijenga tofali kwa tofali, akafia ndani yake. Shangazi anapangisha, na kwa kodi hiyo ndiyo anakula, na mimi nimekula humo tangu nikiwa sijui kukaa. Hana pengine pa kwenda, na waliomo hawana pengine pa kwenda. Nyumba ikiondoka, tumeondoka wote.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikaa uani kushauriana. Kulikuwa na shangazi, Mzee Farijala na mkewe, wapangaji, na miongoni mwao Mama Tumsifu, ambaye alikuwa amejifungua na arobaini yake haijatimia, kichanga kikiwa begani.

“Tukiitikia, wanabomoa,” nikawaeleza. “Tusipoitikia, wananunua.”

“Tuitikie nusu,” Mama Tumsifu alisema. “Mmoja aanze, halafu asimalize.”

“Huyo mtoto wako atamaliza,” Bi Tausi alimwambia. “Tangu aje hapa hajaacha jambo katikati.”

“Mimi ningeshauri nyumba ikohoe,” Mzee Farijala alisema, “lakini nimejaribu.”

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu shangazi hakucheka. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo ulikuwa umesimama mkononi.

“Alipokufa mume wangu,” alisema, “walikuja watu wengine siwajui. Wakapiga hodi hapo mlangoni, nikawaambia karibuni. Wakakoroga udongo, wakachota maji, wakanizikia mume. Mpaka leo siwajui majina. Na mimi nitakufa humu. Nikishaifundisha nyumba kunyamaza, hao wa kunizika mimi wataitikiwa na nani?”

Akapepeta tena kidogo.

“Mboni,” akaniambia, “kesho ukija, piga hodi kama mtu. Usije ukanong'ona mlangoni kama unaazima ungo.”

Nikasema sawa, shangazi.

Asubuhi nilikuja na Bwana Salvatory. Nilisimama mbele ya mlango niliotokea alfajiri, nikaweka kofia sawa.

“Hodi humu ndani, kwa niaba ya serikali.”

“Karibuni,” shangazi akaitikia.

“Karibuni,” wakaitikia wapangaji, kila mtu kwenye chumba chake. “Karibuni ndani,” Bi Tausi akaitikia kutoka uani, na kichanga cha Mama Tumsifu kikaitikia kwa namna yake. Ng'ambo ya barabara muuza mkaa, ambaye hakuulizwa, naye akasema karibuni, pengine kwa mazoea.

Bwana Salvatory alipekua karatasi zake mbele na nyuma. “Hii ni zaidi ya janga,” alisema kwa sauti ndogo. “Hii hata jina haina.”

Shangazi akatokea mlangoni, mikono ina unga.

“Mboni mwanangu, umepiga hodi umekaribishwa. Unasimama nje mpaka lini?”

Kanuni za Mamlaka zinamkataza mpiga hodi kuingia. Nilimtazama Bwana Salvatory, naye akatazama mwavuli wake. Nikamkabidhi kofia, nikavua viatu, nikaingia. Baadaye nilisikia kwamba nimefukuzwa, na kosa langu limeandikwa kuwa ni kukaribishwa.

*

Tingatinga lilikuja siku ya pili, na wabomoaji nyuma yake. Msimamizi wao alikuwa Bwana Chilongani, mtu mnene, mpole, aliyekwisha bomoa nusu ya wilaya bila kugombana na mtu. Alimwashiria dereva azime injini, akasogea mlangoni.

“Hodi wenyewe,” alisema. “Tumekuja kubomoa.”

“Karibuni,” shangazi alisema. “Mmekunywa chai?”

Bwana Chilongani si mtu wa kusema uongo. “Bado, mama. Tumetoka alfajiri.”

Wakaingia, wakakaa mkekani, wakaletewa mihogo na maharage. Walipomaliza kunawa, Bwana Chilongani aliutazama ukuta, akautazama mkono wake.

“Tumekula chumvi ya humu,” aliwaambia vijana wake. “Mpaka jua lizame.”

Jua lilipozama, saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Wakaaga vizuri. Kesho yake walirudi, wakapiga hodi, wakaulizwa kama wamekunywa chai. Na siku zilizofuata ni hivyo hivyo. Dereva alianza kuja na sukari kutoka kwake, kwa kuwa alisema si vizuri mtu kubomoa mikono mitupu kila siku.

Habari zikamfikia Daktari Pankrasi. Akatoa waraka kwamba wabomoaji wote wawe wamekula kabla ya kutoka nyumbani, na wakifika kazini wasiguse chakula. Wakaja wameshiba.

“Leo hatuli, mama,” Bwana Chilongani alisema, na kwa kweli alikuwa na aibu. “Tumekatazwa kwa maandishi.”

“Amri ya mkubwa haikataliwi,” shangazi alisema. “Anzeni tu kazi yenu. Ila nionjee kwanza hii mboga, mwanangu, kama chumvi imekolea. Ulimi wangu umezeeka.”

Akamnyooshea mwiko. Bwana Chilongani akaonja, akafikiri.

“Imekolea,” alisema. Kisha akaelewa alichokifanya, akageuka kumwambia dereva azime.

Ubomoaji wa nyumba yetu ukawa ndio ghali kuliko wote nchini. Mafuta ya tingatinga yaliliwa na posho zikalipwa, na ukuta ukabaki umesimama. Sikukuu ya taifa ilikuwa inakaribia, na Waziri alikuwa ameahidi kutangaza kwamba nchi haina janga hata moja. Hapo ndipo Daktari Pankrasi alipoonyesha usomi wake. Aliagiza iletwe ramani ya Mtaa wa Mfereji. Akachukua raba, akaifuta nyumba yetu kwa mkono wake mwenyewe, akapuliza vumbi la raba, akasaini kwamba imebomolewa. Waziri akatangaza. Wanasema uwanja mzima ulisimama.

*

Tangu siku ile tunaishi katika nyumba ambayo haipo.

Ina taabu zake. Umeme ulikatwa, kwa kuwa huwezi kupeleka umeme mahali pasipo na nyumba, tukarudi kwenye taa za mafuta. Msoma mita za maji anapita ametazama upande wa pili, kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Mama Tumsifu alipokwenda kumwandikisha mtoto, karani alitafuta nyumba asiione, akaandika kwamba mtoto alizaliwa safarini. Huenda atapata shida akianza shule.

Lakini ukuta upo. Na watu wanakuja. Kila nyumba inayonyamaza inaingia kwenye Kapu, na kila inayoitikia inalala chini, kwa hiyo wanaotafuta chumba ni wengi. Shangazi aligawa ukumbi kwa pazia. Aligawa na baraza.

Daktari Pankrasi, kwa upande wake, alitaka viongozi wawe mfano. Akaagiza nyumba zao zipimwe, ianze ya kwake. Nyumba ile nimewahi kupita mbele yake. Watoto wako ng'ambo. Mkewe alikuwa amerudi kwao, kwa kuwa alikatazwa kuitikia hodi hata za dada zake. Mpiga hodi mpya akapiga hodi mara tatu. Daktari mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na hakuweza kuitikia bila kuharibu kipimo chake mwenyewe. Nasikia ukimya ulikuwa mzuri kiasi kwamba Bwana Salvatory alitoa leso. Ilipata daraja ambalo halikuwahi kutolewa. Watu wa Kapu walikuja siku hiyo hiyo na utepe, wakamwambia mwenyewe hayupo, wakamlipa hisa za Mnara wa Subira.

Alijaribu kwenda kukaa huko mnarani. Mlangoni walimweleza, kwa heshima zote, kwamba akiingia mtu utendaji utashuka.

*

Alikuja kwetu mchana wa jua kali, anaburuta sanduku la magurudumu, na gurudumu moja lilikuwa limegoma. Alifika mlangoni akasimama. Mzee Farijala alikuwa ameketi barazani.

“Ukisimama hivyo tu hakuna atakayejua kama upo,” alimwambia.

“Nifanye nini?”

“Upige hodi.”

Daktari aliangalia nyuma, kulia na kushoto. “Hakuna wa kunipigia?”

“Wa kukupigia ulimfukuza. Yumo humo anachambua dagaa.”

Nilisikia, nikaendelea kuchambua. Mtu lazima ajifunze. Baada ya muda sauti ya ofisini ikasema hodi, taratibu, kama mtu anayesoma neno la lugha ya kigeni. Tukaitikia wote. Naamini alirudi hatua moja nyuma.

Shangazi alimkalisha, akampa maji, akamngoja amalize.

“Unatafuta chumba.”

“Kama kipo, mama.”

“Kipo kimoja, ukuta mmoja na kichanga. Kinalia.”

Daktari aliinua macho akatazama dari, boriti na masizi. “Nauliza kitaalamu tu,” alisema. “Hatari ya nyumba hii ikoje?”

“Ipi?” Mzee Farijala aliuliza kutoka barazani. “Hii ulikwisha kuibomoa, daktari. Ulisaini. Nyumba haibomoki mara mbili.”

Daktari alilifikiria jambo hilo, na nikaona linamwingia. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata hesabu yake sawa.

“Sikiliza masharti,” shangazi alimwambia. “Kodi mwezi kwa mwezi. Choo kwa zamu, na zamu ni zamu, hata kama una shahada. La mwisho, humu hodi inaitikiwa. Sina chumba cha mtu wa kunyamaza. Nitakuangalia kwanza, halafu ndiyo nitapokea kodi yako.”

Akaingia na sanduku lake.

Aliamka mapema, akafagia mbele ya mlango wake vizuri tu. Lakini hodi ilipopigwa alikuwa anasimama wima chumbani, ameziba pumzi, mpaka wengine waitikie. Mama Tumsifu alimchungulia akatuambia. Hatukumsema. Mazoea ni mazoea.

Ikafika Jumamosi moja, wote tuko uani, yeye yuko chumbani kwake mbele. Mlangoni sauti ya mwanamke ikasema, “Hodi wenyewe.” Nikafungua kinywa. Shangazi akainua mkono, nikafunga. Bi Tausi akamkumbatisha Mama Tumsifu mtoto, mtoto akanyonya. Nyumba ikanyamaza kabisa. Ukimya ule niliukumbuka. Ulikuwa wa daraja la kwanza.

“Hodi jamani,” mwanamke akarudia. Sauti ilikuwa imechoka. Nyuma yake mtoto alikuwa anauliza kama ni hapa.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameukaza mkono wake hewani, ingawa kumwacha mgeni mlangoni kulikuwa kunamuuma. Hodi ya tatu ikaja, ndogo, ya mtu aliyekwisha geuka nusu.

“Ka...” sauti ya daktari ilisema. Akakohoa. “Karibu. Karibuni ndani.”

Tukasikia kitasa, kisha vyombo vinatuliwa chini: godoro, ndoo, beseni lenye masufuria. Daktari akaja upesi mpaka mlango wa uani, akasimama kwenye kizingiti.

“Amekuja,” alituambia. “Ana watoto. Nimwambieje?”

“Mwambie aingie,” shangazi alisema.

“Akishaingia?”

“Mwambie akae.”

“Na akishakaa?”

Shangazi alikuwa ameinama jikoni, anaongeza maji kwenye sufuria.